Miezi 24: Utafiti wa Charles Zeanah na Jalada la Mtoto Aliye Makaoni

Ndugu Mwenyekiti, maafisa ustawi wa jamii, walezi wa makao ya watoto, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kuingia kazini, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni mchango wa mtafiti mmoja katika ustawi wa mtoto. Nimemchagua Charles Zeanah, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto wadogo katika Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, Marekani. Wasomi wamezoea kupimana kwa wingi wa makala. Leo nitatumia kipimo kilichomo katika kila jalada mnalolishika: tarehe mtoto aliyoingia makaoni na tarehe aliyotoka. Kazi ya Zeanah inahusu miezi iliyo kati ya tarehe hizo mbili, na kile ambacho kila mwezi unamgharimu mtoto.

Alianzia nyumbani kwao. Mwaka 1994, katika wilaya ya Jefferson jirani na New Orleans, timu yake ilianza kuhudumia watoto wa chini ya miaka minne ambao mahakama ilikuwa imewatoa kwa wazazi kwa sababu ya kupigwa au kutelekezwa. Timu haikuishia kwa mtoto. Ilimtazama akiwa na kila mtu mzima anayemlea: wakicheza, wakila, wakitenganishwa dakika chache kisha wakikutana tena. Ilimsaidia mzazi aliyemzaa, ikamsaidia mlezi wa kambo, yaani mtu asiye mzazi aliyekabidhiwa mtoto amlee nyumbani kwake, halafu ikamweleza hakimu kwa maandishi kilichoonekana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Yakilinganishwa na mashauri ya miaka iliyotangulia, watoto kudhuriwa tena kulipungua kwa zaidi ya nusu. Watoto waliorudishwa kwa wazazi walikuwa wachache zaidi, na walioachiwa njia ya kuasiliwa walikuwa wengi zaidi, kwa kuwa hakimu alikuwa na picha ya kweli mapema. Lishikeni hilo la mfumo wa kumsaidia mlezi wa kambo, maana ndilo alilolibeba kwenda Ulaya.

Romania ilikuwa na jeraha lake. Mwaka 1966 Nicolae Ceaușescu alitoa Amri namba 770 iliyopiga marufuku utoaji mimba kwa karibu wanawake wote, na dawa za kupanga uzazi zikawa hazipatikani. Familia maskini ziliambiwa serikali italea. Utawala wake ulipoanguka Desemba 1989, watoto zaidi ya 100,000 walikutwa katika taasisi za serikali. Miaka kumi baadaye makumi ya maelfu walikuwa bado humo, na maofisa walikuwa wakibishana. Wengine walisema makao yenye daktari, maji ya moto na chakula cha uhakika ni bora kuliko jirani anayelipwa kulea. Cristian Tabacaru, aliyesimamia ulinzi wa watoto serikalini, alihitaji ushahidi wa kuamua ubishi huo. Zeanah aliingia kazini pamoja na Charles Nelson na Nathan Fox, ambao ni watafiti wa ubongo na ukuaji wa mtoto.

Walichukua watoto 136 kutoka makao sita ya Bucharest, wenye umri wa miezi 6 hadi 31. Kura ikapigwa: 68 waende kwenye malezi ya kambo, 68 waendelee na huduma ya kawaida. Pembeni waliwekwa watoto 72 wa mji huohuo wanaolelewa na wazazi wao, wawe kipimo. Tatizo likawa kwamba malezi ya kambo yalikuwa karibu hayapo Bucharest, hivyo ikabidi wayajenge wao wenyewe: wakatafuta familia, wakazipeleleza, wakazifundisha, wakazilipa mshahara. Familia 56 zilipokea watoto wale 68. Maafisa ustawi wa hapohapo walizitembelea, nao wakawa wanashauriana mara kwa mara na wenzao wa New Orleans kuhusu mtoto mmoja mmoja.

Kuna swali ambalo kila mtu mwenye moyo hujiuliza hapa: na wale 68 waliobaki? Kanuni ya utafiti ilikuwa kwamba hakuna mtoto anayezuiwa makaoni kwa ajili ya utafiti. Ndugu wakipatikana, au serikali ikipata familia, mtoto anakwenda. Na wengi walikwenda kadiri miaka ilivyopita. Lakini katika hesabu kila mtoto aliendelea kuhesabiwa katika kundi alilopangiwa na kura. Kwa hiyo tofauti nitakazowasomea zina uwezekano mkubwa wa kuwa ndogo kuliko hali halisi, kwa kuwa ndani ya kundi la makaoni wamo waliopata familia baadaye.

Walipofika miezi 42, watoto walipimwa ukuaji wa akili kwa kipimo ambacho wastani wake ni 100. Waliolelewa na wazazi wao walipata wastani wa 103. Waliopelekwa malezi ya kambo walipata 86, na wa kundi la makaoni 77. Hiyo ndiyo sehemu inayonukuliwa kila mahali. Mimi naijali zaidi hesabu inayofuata, walipowagawa wale wa malezi ya kambo kwa umri waliokuwa nao siku walipotoka makaoni. Aliyetoka kabla ya miezi 18 alikuwa na 94. Aliyetoka kati ya 18 na 24, 89. Kati ya 24 na 30, 80. Baada ya 30, 80 vilevile, yaani pointi tatu tu juu ya kundi la makaoni. Familia zilikuwa za aina moja, mafunzo yaleyale, malipo yaleyale. Kilichotofautiana ni tarehe ya kutoka.

Ukigawa watoto 68 mara nne, kila fungu ni dogo, na Zeanah na wenzake hawakuwahi kudai kwamba mlango hufungwa mtoto akitimiza miezi 24 kamili. Mpaka wenyewe husogea kulingana na unachopima. Katika lugha, faida kubwa iliwaendea waliotoka mapema zaidi, karibu na miezi 15. Katika umeme wa ubongo, uliopimwa watoto wakiwa na miaka 8, waliotoka kabla ya miezi 24 walifanana na watoto wa majumbani, na waliotoka baada ya hapo walifanana na wa makaoni. Huko Uingereza, Michael Rutter alifuatilia watoto wa Romania walioasiliwa, akakuta walioingia kwenye familia kabla ya miezi 6 walikuwa karibu sawa na wenzao wa Uingereza. Nawaomba basi, afisa asije akasema “huyu ana miezi 13, tuna muda.” Miezi 24 si ruhusa ya kusubiri.

Mwili nao ulieleza mambo yake. Watoto waliopelekwa kwenye familia waliwafikia wenzao kwa urefu na uzito ndani ya mwaka mmoja hivi. Mzingo wa kichwa haukuwafikia. Kwa hiyo kadi ya kliniki inaweza kuonyesha mstari mzuri wa uzito huku ubongo ukidai deni. Tunapokagua makao, tunapenda sana kuangalia jiko, stoo na kadi za uzito. Ni mambo ya lazima, ila hayatoshi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona ndilo la Zeanah hasa: mfungamano wa mtoto na mlezi wake. Katika miezi 42, watoto 65 katika kila 100 wa majumbani walikuwa na mfungamano salama, yaani walimtafuta mlezi wao wakiumia na kutulizwa naye. Wa malezi ya kambo walikuwa 49, na wa makaoni 18.

Namba hizo mnaweza kuziona kwa macho siku ya wageni. Gari linasimama, mgeni anashuka, na mtoto wa miaka miwili ambaye hajawahi kumwona anamkimbilia, ananyoosha mikono abebwe, anamkumbatia shingoni. Mgeni anatokwa machozi, anasema watoto hawa wana upendo. Sasa mfikirie mtoto wa umri huohuo katika nyumba ya kawaida, mgeni akipiga hodi. Anajificha nyuma ya mama, anashika khanga, anachungulia kwa jicho moja. Hata kumwamkia mgeni “shikamoo” ni hadi abembelezwe. Huyu wa pili ndiye mzima. Anajua nani ni wake, ndiyo maana anajua pia nani si wake.

Zeanah na mwenzake Anna Smyke walieleza kwa vipimo hali mbili zilizokuwa zikichanganywa chini ya jina moja. Kuna mtoto aliyejifunga: hatafuti mtu akiumia, habembelezeki, uso umepoa. Na kuna huyu anayemfuata yeyote. Bucharest ilionyesha kwamba hali ya kwanza hupungua haraka sana mtoto akipata familia, na ya pili ni ngumu, inaweza kubaki hata baada ya mtoto kupata mlezi anayempenda. Ushahidi wa namna hiyo ulichangia hali hizo kutenganishwa rasmi kuwa maradhi mawili mwaka 2013, katika toleo la 5 la mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili. Kwa afisa maana yake ni hii: mlezi wa kambo akikulalamikia baada ya mwaka kwamba mtoto bado anafuata wapita njia, usimlaumu yeye. Mfundishe kumshika mkono sokoni, na uwaambie majirani wasimbebe ovyo.

Magonjwa mengine ya akili yalipimwa watoto wakiwa na miezi 54. Wasiwasi na huzuni vilionekana kwa watoto 44 katika kila 100 wa makaoni, na 22 wa malezi ya kambo. Nusu. Kwenye kutotulia na tabia za fujo, tofauti ilikuwa ndogo mno kuhesabiwa. Yapo mambo ambayo familia huyaponya na yapo ambayo mtoto anakuja nayo, na anayemwahidi mlezi kwamba upendo utamaliza yote anamtengenezea mazingira ya kukata tamaa.

Utafiti ulifanya nini nje ya vitabu? Romania ilitunga Sheria namba 272 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Januari 1, 2005, ikizuia mtoto wa chini ya miaka 2 kuwekwa katika taasisi. Haitakuwa haki kuwapa watafiti sifa zote. Nchi ilikuwa inataka kuingia Umoja wa Ulaya, ikaingia mwaka 2007, na Umoja ulikuwa umeibana kwa miaka kuhusu watoto hao. Mchango wa utafiti ulikuwa kuupa ubishi namba na umri. Halafu familia zile za kambo hazikuvunjwa. Jaribio lilipofika mwisho, watoto wakiwa na miezi 54, mtandao ulikabidhiwa kwa serikali za mitaa za Bucharest. Sheria ile iliacha mwanya mmoja unaoniuma: mtoto mwenye ulemavu mkubwa angeweza kuendelea kuwekwa taasisini. Yule anayehitaji mikono ileile kila siku kuliko wote ndiye aliyewekwa kando. Tukitunga kanuni zetu tusiurudie mwanya huo.

Mwaka 2009 Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala ilisema malezi ya watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka 3, yawe katika mazingira ya familia. Kwetu Afrika Mashariki, Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, ikapata Sheria ya Watoto ya 2022 inayoitambua pia kafala kwa familia za Kiislamu, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kumwasili, na mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwahamishia watoto kwenye familia. Rwanda ilianza mapema zaidi, na katika kila kijiji wapo marafiki wa familia wawili, mwanamume na mwanamke, wanaolinda watoto. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya 2009 na kanuni za malezi ya kambo za 2012. Sheria tunazo.

Najua kuna mwenye makao hapa ambaye ameshasoma utafiti wa Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke, na ana haki ya kuuliza. Ulichapishwa mwaka 2009, ukalinganisha watoto wapatao 3,000, yatima na waliotelekezwa, wa makaoni na wanaolelewa majumbani, wakiwemo wa kwetu Moshi na Bungoma. Haukukuta kwamba wa makaoni wako vibaya zaidi kiafya wala kiakili. Sijaona utafiti huo ukipingana na ule wa Bucharest. Watoto wa Whetten walikuwa na miaka 6 hadi 12, na wengi wa kulinganishwa nao walikuwa kwenye kaya maskini. Watoto wa Zeanah walikuwa wachanga, na familia zao zililipwa na kutembelewa. Ukizisoma pamoja, tafiti hizi mbili zinakuambia kumtoa mtoto mchanga haraka, na kwamba kumrudisha mtoto mkubwa kwa bibi asiye na unga, kisha ukafunga jalada, hakumsaidii.

Basi tuje kazini. Andikeni umri wa mtoto mdogo kwa miezi, juu ya jalada, na muubadilishe kila mwezi. Jalada linalosema “mtoto mdogo” au “mwaka 1” linaficha miezi 11. Kama tarehe ya kuzaliwa haijulikani, daktari akadirie siku ya kwanza kwa meno, mwendo na vipimo vya mwili, na makadirio yale yasiguswe bila sababu ya kitabibu.

Tuchukue mfano wa mtoto aliyeokotwa akiwa na miezi 9. Barua ya polisi inachukua miezi 2. Ndipo utafutaji wa ndugu unaanza, miezi 3. Shauri linaahirishwa mara mbili, miezi 2. Ndipo mtu anakumbuka kwamba hakuna familia iliyoandaliwa. Kutafuta, kupeleleza na kufundisha, miezi 5. Mtoto ana miezi 21 na bado hajaonana na mlezi wake. Hakuna aliyezembea, kila ofisi ilisubiri nyingine imalize. Dawa yake ni kazi hizo kwenda sambamba kuanzia wiki ya kwanza, na familia kuandaliwa kabla mtoto hajapatikana. Bucharest mafunzo yalitangulia watoto.

Kwa mtoto ambaye lazima abaki makaoni kwa sasa, angalieni daftari la zamu. Mchanga anayenyweshwa maziwa kila saa 4 ananyweshwa mara 6 kwa siku, mara 42 kwa wiki. Andikeni jina la aliyemnywesha kila mara, Jumatatu hadi Jumapili, halafu hesabuni majina. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na ni kweli, ila kijijini mikono mingi humzunguka mama mmoja ambaye mtoto anamjua kwa sauti. Mikono 15 inayopokezana bila mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Mpangieni kila mchanga mlezi wake. Akiwa zamu ya mchana siku 5, akimnywesha mara 3 kila zamu, ni mara 15 kati ya 42, na mtoto atamtambua. Kabla ya jaribio la familia, Smyke na Zeanah walikuwa wameona katika taasisi moja ya Bucharest kwamba watoto waliopangiwa walezi wachache walewale walikuwa na dalili pungufu za kuvurugika kwa mfungamano, ingawa jengo lilikuwa lilelile. Kosa la kawaida ni mkuu wa makao kuwahamisha walezi kila mwezi “wasizoeane na watoto.” Kuzoeana ndiyo kazi yao.

Uhamisho wenyewe usifanywe kwa siku moja. Mlezi wa kambo aje makaoni mara kadhaa, amnyweshe, amwogeshe, amlaze. Aandikiwe mtoto analalaje, anakula nini, anatulizwa vipi. Aondoke na shuka la mtoto bila kulifua, libaki na harufu ambayo mtoto anaijua.

Wiki za kwanza ndizo zinazovunja familia nyingi. Mtoto halii akianguka. Anajitikisa kitandani usiku. Anaficha ugali chini ya mto. Anamgeuzia mlezi mgongo, na mlezi anasema “hanipendi, mrudisheni.” Mary Dozier wa Chuo Kikuu cha Delaware alitengeneza mafunzo ya vipindi 10 yanayofanyika nyumbani kwa mlezi, na kiini chake kinasemeka kwa Kiswahili chepesi: mfuate mtoto hata kama hakuiti. Akianguka akanyamaza, nenda, mbebe, mpulizie goti. Amejifunza kwamba kulia hakuleti mtu, na hawezi kujifunza kinyume chake bila wewe kwenda kwanza, mara nyingi.

Mlezi hawezi kuyashikilia hayo peke yake. Afisa amtembelee mara mbili wiki ya kwanza, kisha kila wiki kwa miezi 3. Nauli ya ziara hizo iwe kwenye bajeti kwa jina lake, isiwe ya kuombaomba kwenye posho za semina, na posho ya mlezi isichelewe. Watoto wa Bucharest walipofikia miaka 16, waliobakia na familia ileile walikuwa vizuri kuliko waliohamishwa-hamishwa, na kwetu familia huvunjika kwa sababu ndogo sana: afisa hakufika, fedha hazikufika.

Katika ziara hizo muulizeni mlezi swali moja kila mara: akiumia, anamfuata nani? Mwanzoni atasema hamfuati mtu, au anamfuata yeyote. Siku atakayosema “jana alijikwaa, akapita kwa jirani na kwa shangazi, akaja kunililia mimi,” iandikeni tarehe hiyo kwenye jalada, chini ya ile aliyotoka makaoni.